Mapango ya Gcwihaba, Botswana: nyota nne, ya tano imebaki mchangani

Naanza na swali ambalo kila mtu ananiuliza tangu nirudi: ndiyo, panafaa kwenda. Ila usiende na gari moja, usiende na kagari ka chini, na usimwamini mtu anayekwambia kutoka lami ni kilomita 150 hivi "tu". Hiyo "tu" ilitula masaa karibu saba na mswaki mmoja, mtaelewa mbele.

Mi naishi Gaborone mwaka wa saba huu, kazi ndo imenileta, na kila likizo watu wa huku wanaelekea Chobe au Okavango kuangalia tembo. Sasa mimi ni mtoto wa Tanga, nimekua nayaona mapango ya Amboni kama uwanja wa nyumbani, shule ya msingi tumepelekwa pale mpaka tukachoka, kwahiyo niliposikia kuna mapango katikati ya mchanga wa Kalahari, kule kaskazini magharibi karibu na mpaka wa Namibia, nikasema hayo nisipoyaona nitakuwa nimewatia aibu watu wa kwetu. Tukangoja wikiendi ndefu ya Siku ya Rais mwezi wa saba, huwa wanapumzika Jumatatu na Jumanne, tukaongeza siku moja moja mbele na nyuma kwenye likizo zetu, safari ikaiva.

Tulikuwa watano. Mimi, mke wangu, shemeji yangu mdogo wake mke wangu aliyekuja kututembelea kutoka Dodoma (Mtanzania Botswana haombi viza, kapita na paspoti yake tu pale uwanjani), halafu dada mmoja Mtswana ninayefanya naye kazi pamoja na mumewe. Wao ndo wenye Land Cruiser. Huyo mume ni mtu wa porini haswa, na bila yeye hapa ningekuwa naandika habari nyingine kabisa.

Gaborone mpaka Maun ni kilomita 900 na kidogo, lami nzuri, ukiondoa punda. Punda wa Botswana hawana haraka na hawana woga, amesimama katikati ya barabara anakuangalia kama wewe ndo umeingia chumbani kwake, honi yako haimuhusu. Kwahiyo usiku usiendeshe. Tulilala Maun, asubuhi tukachukua gari la pili la kukodi, Hilux yenye hema juu ya paa, kutoka kampuni moja ambayo jina naliacha maana tulishamalizana nao. Hilo gari ndo lililonyang'anya nyota moja kwenye safari hii, ingawa najua mapango hayana kosa.

Kutoka Maun unapita Toteng, Sehithwa, mpaka Tsau, yote lami. Pale Sehithwa simama kidogo hata kama huna shida ya kitu, utawaona akina mama wa Kiherero na magauni yao makubwa yanayofagia chini na kile kilemba kilichonyooka huku na huku kama pembe za ng'ombe, mke wangu alitaka kununua hapohapo, nikamwambia mama hilo gauni lina kitambaa cha kushona pazia za nyumba nzima. Ukishapita Tsau kidogo ndo unakata kushoto kuelekea magharibi, na lami unaiaga.

Sasa hapo nataka nieleze vizuri maana watu wengi wanapuuza. Mchanga wenyewe siyo kama wa ufukweni Raskazone kule Tanga kwamba utapita pembeni, ni mifereji miwili ya matairi imekatwa ndani ya mchanga mlaini na katikati kuna kinundu chenye nyasi. Na ardhi ya kule ina mawimbi, ni vilima virefu vya mchanga wa zamani vimeota miti, unapanda kimoja unashuka bondeni unapanda kingine, hivyohivyo mpaka unasahau umetoka wapi. Kwanza unapunguza upepo kwenye matairi yote manne, yule jamaa wetu alishusha mpaka karibu nusu, tairi linakaa bapa kama chapati na linatembea juu ya mchanga badala ya kuchimba. Usipofanya hivyo kilima cha pili tu umeshazama. Na ukishapunguza unahitaji kompresa ya kujaza tena ukirudi lami. Yetu ya kwenye gari la kukodi ilikuwepo, imefungwa kwenye begi lake safi kabisa, imekufa. Unaibonyeza inalia mara moja inanyamaza.

Hiyo ingekuwa ndogo. Kubwa ni nyasi. Mwezi wa saba nyasi zimekauka, zina mbegu, na zile za kwenye kinundu cha katikati gari linazifyeka kama panga, mbegu zote zinaingia kwenye rejeta. Wenyeji wanafunga wavu mbele ya rejeta, kitu cha bei rahisi tu, Land Cruiser ilikuwa nao, Hilux yetu haikuwa nao. Baada ya kama saa moja naona mshale wa joto unapanda, nikadhani naota, nikasimama. Kufungua boneti, rejeta imefunikwa na mbegu kama blanketi, upepo haupiti kabisa. Na siyo hilo tu, jamaa akatuambia tulale chini tuangalie uvunguni, nyasi zimejikusanya juu ya bomba la ekzosi zimeshaanza kuwa rangi ya kahawia, akasema magari ya watu yanaungua hivihivi huku, unaendesha unafurahi kumbe umebeba moto. Tukachomoa kwa mikono. Rejeta tukaisafisha kwa mswaki, mswaki wangu mimi, shemeji ndo fundi, anachokonoa kijimbegu kimoja kimoja huku anaimba. Kuanzia hapo kila baada ya kilomita 20 hivi tunasimama, boneti juu, mswaki, uvunguni, twende. Mke wangu akatoa soksi ya wavu ya kufulia nguo tukaifunga mbele kwa kamba, ikasaidia sana kushinda kampuni nzima ya magari.

Tulikwama mara mbili. Mara ya kwanza kosa langu, nilibadilisha gia katikati ya mpando na gari likapoteza nguvu, likakaa. Tunatafuta beleshi kwenye Hilux hakuna, nikachimba na sufuria ya wali mpaka wenzetu walivyorudi na la kwao. Mara ya pili sisemi kosa la nani kwa sababu yuko nyumbani anasoma hii.

Mtandao ulishapotea zamani. Toka tukate kona pale Tsau mpaka tunafika tulipishana na gari moja tu. Ndo maana nasema magari mawili, maji ya kutosha (sisi tulibeba lita 100 kwa watu watano na hayakubaki mengi), na mafuta jaza Maun mpaka mdomoni, kwenye mchanga gari linakunywa karibu mara mbili ya lami.

Tulifika jua linazama. Kumbe mapango yenyewe huyaoni, unachoona ni kilima kidogo cha mawe kimejitokeza pembeni ya bonde pana lenye miti. Hilo bonde ndo Gcwihaba, zamani za kale ulikuwa mto, sasa ni mchanga na nyasi. Tukiwa hata hatujamaliza kufungua mahema popo wakaanza kutoka. Kwanza wawili watatu, halafu wakawa wanamwagika, husikii kelele, unasikia kaupepo ka mabawa tu juu ya kichwa. Popo wa Tanga niliwazoea lakini humu kuna wengine wakubwa kweli, wanakula wadudu, pua zao zina kitu kama jani. Tulikaa kimya wote mpaka giza.

Kambi yenyewe ni ya kawaida, ukienda na fikra ya hoteli utalia. Sehemu ya kuweka hema, ukimya, nyota. Beba kila kitu, hadi kuni. Na baridi jamani. Watu wanasikia Kalahari wanafikiria joto, mwezi wa saba usiku baridi ya Lushoto haifui dafu hapa, asubuhi maji ya kwenye beseni yalikuwa na kangozi ka barafu juu. Shemeji alilala na nguo zote alizokuja nazo Botswana.

Haya tuje kwenye mapango sasa. Asubuhi tukaingia na muongozaji wa pale, mzee wa makamo mwenyeji wa huko huko, Mbushmani kama wengi wanavyowaita, ingawa mwenzetu Mtswana alitwambia ni bora kusema Msan au kutaja kabila lake. Eneo ni la kumbukumbu ya taifa, liko chini ya makumbusho ya taifa ya Botswana. Kiingilio siyo cha kukuumiza kichwa ukilinganisha na dizeli uliyochoma, beba taslimu.

Jina kwanza. Gcwihaba ni neno la Kikung, lugha ya Wasan wa huko, maana yake shimo la fisi, na mle mwanzoni kuna mlio ule wa kubofya na ulimi ambao sisi wengine tunautamka kama tumeng'atwa. Mimi nilijaribu nikatoa mate. Mke wangu na mdogo wake ni Wasandawe wa Kwa Mtoro, na Kisandawe kina milio ya hivyohivyo, basi shemeji akalitamka mara moja tu, limenyooka. Yule mzee akasimama. Akamwangalia. Akacheka akampiga bega halafu akammiminia maneno, sentensi ndefu yenye milio kama mtu anatafuna karanga, na shemeji yangu kasimama pale anatabasamu haelewi hata moja, maana ni lugha tofauti kabisa. Lakini kuanzia hapo mzee kila akieleza kitu anamwangalia shemeji kwanza, sisi wengine tukawa mizigo.

Mapango haya kwenye ramani nyingi utayaona yameandikwa Drotsky. Huyo Drotsky alikuwa mkulima wa Ghanzi, miaka ya 1930 wenyeji wakampeleka wakamuonyesha, na mapango yakaitwa jina lake. Yaani wewe unaonyeshwa kitu na mwenye nacho halafu kinaitwa kwa jina lako. Nashukuru siku hizi jina la Gcwihaba ndo limerudi mbele.

Mlango ni ufa mkubwa kwenye mwamba na mizizi ya mtini imeshuka kama kamba. Kuna milango miwili, iko mbalimbali kama mita mia mbili na kitu, na kwa chini inakutana, kwahiyo ukiwa na muongozaji unaweza kuingilia huku ukatokea kule. Ndani hakuna taa. Hakuna ngazi za zege, hakuna vyuma vya kushikilia, hakuna mishale. Tochi yako na ya mzee. Hilo ndo linalofanya pale pawe tofauti na kwetu. Amboni mwongozaji anakuonyesha jiwe anakwambia hili ni Mlima Kilimanjaro, hili sofa, hili msikiti, raha yake ni hiyo, unatoka umecheka. Gcwihaba mzee hakutaja jiwe hata moja kuwa ni kitu fulani. Anamulika, anangoja, anaondoka.

Hatua za kwanza zina mwanga na ubaridi, halafu unainama, unapita kwenye tundu, na hewa inabadilika ghafla, inakuwa ya joto na nzito na ile harufu ya mavi ya popo inakushika kooni kama amonia ya kutengenezea nywele. Chini ni vumbi laini kabisa, ukikanyaga linapanda. Vaa barakoa, sisemi kwa mapambo, vumbi la mavi ya popo linaweza kubeba ukungu unaoshambulia mapafu. Mwenye pumu abaki nje, yule dada Mtswana alifanya hivyo akatusubiri chini ya mtini na kitabu chake na hakujuta.

Halafu unasimama wima tena na ukimulika juu tochi haifiki. Hapo ndo nilisahau mswaki na kompresa na kila kitu. Kuna nguzo zimeshuka kutoka juu na nyingine zimepanda kutoka chini, zingine zimekutana zimekuwa nguzo moja nene watu wawili hamuwezi kuikumbatia, ndefu kupita nyumba ya kawaida. Kuna sehemu jiwe limeshuka ukutani kama pazia lenye mikunjo na sehemu nyingine kama uji umefurika kwenye sufuria ukaganda njiani. Rangi ni nyeupe na kahawia ya chai ya maziwa. Ukiweka tochi pembeni, siyo mbele, linametameta kama chumvi. Mzee alituambia tusiguse, mafuta ya mkono yanalichafua jiwe na pale ulipogusa halitaendelea kukua vizuri, na kweli kuna sehemu za njiani zimeshikwashikwa zimekuwa nyeusi kama mshikio wa daladala.

Kinachonishangaza mpaka sasa ni kwamba hayo yote ni kazi ya maji, na umekuja kilomita 150 hujaona tone. Mwamba wa pale ni dolomiti, maji ya mvua yakipita yanaumung'unya taratibu, yanachimba vyumba, halafu yakidondoka tone tone yanaacha yale madini kidogo kidogo mpaka inakuwa nguzo. Maana yake kuna nyakati Kalahari hii hii ilikuwa na mvua za kutosha na mto ulikuwa unapita pale tulipopiga mahema. Siku tulizokuwepo ndani palikuwa pakavu, nguzo zimesimama kama mafundi wamekwenda kula. Niligusa ardhi (ardhi, siyo jiwe) ni vumbi tupu. Na ukumbuke hela yao huku inaitwa pula, maana yake mvua. Nimeitumia miaka saba kununulia mkate, sijawahi kuifikiria kama siku ile.

Katikati hivi mzee akasema zimeni tochi. Tukazima. Giza la pale siyo la umeme kukatika, la umeme kukatika bado unajua mlango uko wapi. Hili nilipeleka mkono usoni mpaka nikajigusa pua sijauona. Popo wanapita karibu, unahisi kaupepo sikioni. Shemeji akanong'ona "shemeji upo?" nikamwambia nipo, akasema "mi simo." Mzee akacheka gizani.

Hadithi ya hazina ipo, si lazima iwepo. Karne ya 19 kulikuwa na kaburu mmoja wa Ghanzi, Hendrik van Zyl, mwindaji, tajiri wa pembe za ndovu, na inasemekana alificha mali yake humu. Hajaipata mtu. Nilicheka kwa sababu Amboni nako utasimuliwa Osale Otango alivyojificha mle miaka ya 50 serikali ya mkoloni ikimsaka. Pango bila mtu aliyejificha au kuficha kitu naona halikamiliki.

Tulitumia kama masaa mawili na nusu ndani. Kuna tundu moja la kupita kwa tumbo, mwenye kitambi kama mimi ajiandae kisaikolojia, nilipita kwa kutoa pumzi yote na kuvutwa mikono. Tochi beba mbili na betri za ziada, ya kichwani ndo nzuri maana mikono unaihitaji. Usiingie bila mwenyeji hata kama umeona video ukaelewa ramani, njia zinachanganya, unageuka mara moja tu na ukuta uliouacha siyo huo.

Upungufu nilioona: maelezo ya kusoma ni haba, kama muongozaji hana mood au lugha haziivani utatoka hujajua ulichokiona (sisi tulikuwa na mtafsiri wetu wa Kitswana). Kofia ngumu hazikuwepo siku yetu, na mimi kichwa changu kina alama. Kwangu mapango nyota 5, mzee nyota 5 na ningeongeza, kambi 3, gari la kukodi nusu kwa sababu hema la juu lilikuwa zuri. Watoto wadogo na wazazi wenye magoti hapana, wapelekeni Chobe.

Kama unaweza, lala siku mbili. Sisi tulilala mbili na ile ya pili hatukufanya chochote, tulikaa tu, jioni tukawaangalia tena popo.

Kurudi tulikuwa wajanja kidogo, soksi ya kufulia tumeifunga toka mwanzo, mswaki uko dashibodi. Tukarudisha Hilux Maun. Jamaa wa pale akaizunguka akaandika mkwaruzo wa nyasi ubavuni, nikamuuliza na kompresa umeiandika, akajifanya anapokea simu. Basi.

Wote tukapanda Land Cruiser tukarudi kwa njia ya Ghanzi, na hapo tukasahau kitu ambacho hata Mtswana wetu alisahau. Kuna mageti ya mifugo, kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo ya ng'ombe, na nyama mbichi kutoka kaskazini kwenda kusini hairuhusiwi. Sisi tumenunua Maun kilo nne za ng'ombe tuile njiani. Tumebakiza getini kama kilomita moja ndo dada anashtuka. Ya kupikwa inapita, mbichi inachukuliwa. Tukageuza tukaegesha pembeni, kuni zilizobaki zikashuka, saa nne asubuhi watu wazima watano tunachoma kilo nne za nyama kando ya barabara kuu hata chumvi hatuijui iko wapi, malori yanatupigia honi. Tulipofika getini afande akafungua kisanduku akakuta nyama imeiva, akatuangalia nyuso zina masizi, hakuuliza. Akatuambia tushuke tukanyage kile kigodoro cha dawa ya kuua vijidudu kwenye viatu. Nikakanyaga. Akaangalia viatu vyangu, vyeupe vumbi la popo mpaka juu ya vifundo, akasema rudia.